Kodi Haikutimia, Mshahara Ukakatwa: Majibu kwa Wasomaji Wanaosimamia Nyumba za Watu

Barua tatu za toleo hili zimetoka Tanga, na waandishi wake wote wamewahi kushika funguo za nyumba zisizo zao. Majina yao na ya waajiri wao tumeyaondoa. Barua ya kwanza ni ndefu, nasi hatukuona sababu ya kuifupisha, kwa kuwa majibu mengi yamo ndani ya maelezo yake yenyewe.

SWALI LA KWANZA

Mhariri, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 29, mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wa tatu tangu niajiriwe na kampuni ndogo ya usimamizi wa nyumba hapa Tanga mjini, ambayo ofisi yake iko Chumbageni. Wenye nyumba tunaowahudumia wengi wao hawaishi hapa. Wapo walioko Dar es Salaam, wapo walioko Muscat, na yupo mmoja aliyeko Uingereza ambaye hunipigia saa sita za usiku kwa sababu kwake ndiyo kwanza saa tatu. Nyumba zenyewe ni za kila namna, kuanzia zile za zamani za Ngamiani, zenye vyumba sita vinavyotazamana na choo kimoja uani, hadi zile za Raskazone zenye bustani na matangi mawili ya maji.

Katika barua ya ajira nimeandikwa kuwa Meneja wa Majengo, na mshahara wangu ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Jina la meneja lilinifurahisha siku ya kwanza, lakini sina hata mtu mmoja ninayemwongoza, kwani mlinzi wa ofisi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi na mafundi huitwa inapotokea kazi. Ninaonyesha vyumba, ninaandika mikataba, ninakusanya kodi, ninapeleka ankara za maji, ninasuluhisha ugomvi wa wapangaji wanaochangia mita moja ya umeme, na ninasikiliza malalamiko ya mpangaji anayedai arudishiwe fedha za kodi ya jengo iliyokatwa aliponunua umeme wa LUKU. Hewa ya chumvi inakula mabati na vitasa vya nyumba za karibu na bahari, kwa hiyo mvua za masika zikianza simu yangu hailali. Ninaingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na katikati ninapumzika saa moja tu ya chakula. Bomba likipasuka Jumapili, anayepigiwa ni mimi. Nilipouliza juu ya malipo ya muda wa ziada, niliambiwa kwamba mameneja hawalipwi muda wa ziada.

Kodi za vyumba vya Ngamiani wapangaji hunitumia kwenye namba yangu ya simu, kwa sababu wamezoea hivyo na ofisi haijawahi kuwapa namba nyingine. Mimi huzitoa kwa wakala, makato ya kutoa nikiyalipa mwenyewe, kisha humkabidhi mhasibu, naye huandika kwenye daftari lake. Stakabadhi hunipa siku kitabu kikiwapo.

Yaliyonifanya niandike ni mawili. Mpangaji mmoja wa chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi alihama usiku na kuacha deni la miezi miwili, yaani shilingi 300,000. Nakiri kwamba alikuwa ameniomba wiki mbili za subira kwa sababu mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo, nami nikamkubalia bila kuijulisha ofisi. Jambo la pili linahusu ofisi moja iliyopanga sehemu ya chini ya jengo tunalolisimamia, kwa kodi ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Waliingiza kodi ya miezi mitatu benki, kwenye akaunti ya kampuni, lakini badala ya shilingi 1,500,000 ziliingia 1,350,000. Mkurugenzi akasema kwamba nimekubaliana nao wapunguze ili nami nipate changu.

Sikuandikiwa barua yoyote. Niliitwa tu na kuambiwa kwamba shilingi 450,000 zitakatwa kwenye mishahara yangu mitatu, shilingi 150,000 kila mwezi. Kato la kwanza lilifanyika tarehe 28 Februari na la pili mwishoni mwa Machi. Nikishatolewa mchango wa NSSF, kodi ya mshahara na hilo kato, ninabakiwa na shilingi 269,000 na kidogo, na nina mtoto anayesoma. Wiki iliyopita nimeagizwa tena niende na kufuli nikafunge mlango wa mama mmoja wa Makorora anayedaiwa mwezi mmoja. Sijaenda, nimesingizia homa.

Je, wana haki ya kunikata? Je, mimi ni meneja kweli? Na kuhusu hilo kufuli nifanye nini?

Mshika Funguo, Tanga

JIBU

Dada yetu, waalaykum salaam. Kabla ya kufika kwenye sheria tuanze na hesabu, kwa sababu sehemu ya fedha unazokatwa haikupotea kamwe.

Chukua shilingi 1,500,000 utafute asilimia 10 yake. Utapata 150,000, ambayo ndiyo hasa iliyokosekana benki. Taasisi au kampuni inapomlipa kodi ya pango mwenye nyumba aliye mkazi wa Tanzania, sheria ya kodi ya mapato inaitaka izuie asilimia 10 ya malipo hayo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa niaba ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo inayoitwa kodi ya zuio. Wapangaji wako hawakupunguza kodi ya pango wala hawakukugawia chochote. Inavyoonekana walifanya walichotakiwa kufanya, na kampuni inayosimamia majengo ya biashara ilipaswa kulijua jambo hili kabla ya kumtuhumu mtumishi wake. Nenda kwenye ofisi hiyo ukaombe nakala ya cheti cha kodi ya zuio kwa malipo ya miezi hiyo mitatu. Mwenye nyumba naye atakihitaji katika hesabu zake za kodi, kwa hiyo ombi lako halitakuwa la ajabu. Kikipatikana, tuhuma ya shilingi 150,000 inakuwa imekwisha, na ulichokatwa kwa ajili yake ni deni ambalo kampuni inadaiwa na wewe.

Shilingi 300,000 za mpangaji aliyehama usiku zina ugumu wake, na hatutakuficha. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinamruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara au uharibifu, lakini kimemwekea masharti mazito. Hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyopatikana. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga deni hilo. Kiasi kinachodaiwa kisizidi gharama halisi ya hasara, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wa fedha wa mfanyakazi.

Ukiyapitia masharti hayo moja baada ya jingine utaona kwamba mwajiri wako ameyaruka karibu yote. Maandishi hayakuwepo, na nafasi ya kujibu hukupewa, kwani kuitwa na kuarifiwa si kusikilizwa. Robo ya shilingi 480,000 ni 120,000, kwa hiyo kukukata 150,000 kwa mwezi kungevuka mpaka wa sheria kwa shilingi 30,000 hata kama deni lote lingekuwa la haki na ungekuwa umelikubali kwa moyo mkunjufu.

Linabaki suala la kosa, na hapo ndipo mwajiri wako atakapokushika akipata wa kumshauri vizuri. Mpangaji kutolipa kodi ni hatari ya kawaida ya biashara ya nyumba, na mtumishi anayekusanya kodi hageuki kuwa mdhamini wa kila mpangaji kwa sababu tu anazunguka na daftari. Lakini wewe ulimpa mtu muda bila kuijulisha ofisi, na mpangaji akautumia muda huo kufungasha. Je, ofisi ilikuwa na utaratibu ulioandikwa kuhusu nani mwenye mamlaka ya kumwongezea mpangaji muda? Kama upo na uliujua, kosa lako lipo, ijapokuwa bado litapimwa kwa kuangalia kama mpangaji huyo angehama usiku hata bila wiki zako mbili. Kama haupo, na kama miaka yote mitatu ofisi imekuwa ikikuachia uamuzi huo, mwajiri atapata taabu kuthibitisha kwamba ulivunja kanuni ambayo hakuiweka. Tunakusihi usilifiche jambo hilo katika maelezo yako. Ukilisema mwenyewe linakuwa huruma ya siku moja kwa mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Likisemwa na mwajiri mbele ya msuluhishi, linaweza kugeuzwa kuwa njama.

Sasa kuhusu muda, ambao ndio uliotufanya tukutumie ujumbe kabla gazeti halijachapwa. Mgogoro wa makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapo Tanga, na unapaswa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukihesabu kuanzia tarehe 28 Februari, siku 60 zinatimia tarehe 29 Aprili. Wafanyakazi wengi huzipoteza siku hizi wakisubiri bosi apoe hasira. Ukichelewa unaweza kuiomba Tume ikuongezee muda, lakini itakubidi utoe sababu za kuridhisha, na kusema kwamba ulimwogopa mkurugenzi hakutatosha. Utajaza Fomu Namba 1 ya Tume, utampelekea mwajiri nakala, kisha utaiwasilisha pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Hatua ya kwanza huwa usuluhishi, ambao sheria inautaka ukamilike ndani ya siku 30, na mashauri mengi ya namna yako hayahitaji kwenda mbele ya hapo.

Hata hivyo, kabla ya fomu, mwandikie mwajiri barua. Tumekuandalia maneno machache ambayo unaweza kuyabadilisha upendavyo:

“Ninarejea makato ya shilingi 150,000 kila mwezi yaliyofanywa kwenye mshahara wangu wa Februari na wa Machi. Sijapokea maelezo ya maandishi kuhusu chanzo cha deni hilo na hesabu yake, wala sijapewa nafasi ya kulijibu. Ninaomba nipatiwe maelezo hayo ndani ya siku 7, na wakati huohuo ninaomba makato ya Aprili yasimamishwe. Naambatanisha cheti cha kodi ya zuio kinachoonyesha kwamba shilingi 150,000 zinazodaiwa kupungua zililipwa serikalini.”

Barua iwe ya adabu, isitaje mahakama, na nakala yako isainiwe na kugongwa mhuri na anayeipokea. Akikataa kusaini, itume kwa baruapepe ya ofisi pia.

Kuhusu umeneja, umetuchekesha kidogo, kwa kuwa vyeo vya namna hii siku hizi vimekuwa vingi kuliko viti vya kukalia. Ni kweli kwamba masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Sheria, lakini, inatazama kazi unayoifanya na si cheo kilichoandikwa kwenye barua. Mtu asiye na hata mtumishi mmoja chini yake hawezi kuingizwa katika kundi hilo kwa sababu ya herufi kubwa mbili. Kwa hiyo wewe ni mfanyakazi wa kawaida, ambaye saa zake za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Unafanya saa 9 kwa siku sita, ambazo ni 54. Saa 9 za ziada kila wiki zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na kazi ya muda wa ziada hutakiwa kufanywa kwa makubaliano.

Kiwango chako hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa 45 ili kupata wa saa, nacho kinakuja shilingi 2,460 hivi. Mara moja na nusu yake ni karibu shilingi 3,690, na kwa saa 9 unapata zaidi kidogo ya shilingi 33,000 kwa wiki. Hapo hatujagusa Jumapili za bomba lililopasuka, wala nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lakini madai haya yanahitaji ushahidi, na kama kampuni yenu haina daftari la mahudhurio, anza leo kuandika la kwako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nyumba uliyokwenda na aliyekuita. Rekodi ya simu zilizopigwa Jumapili nayo itakusaidia. Ushauri wetu, ambao huenda hutaupenda, ni kwamba madai ya muda wa ziada usiyachanganye na ya makato katika barua ileile. Makato ni shauri jepesi lenye tarehe na kiasi. Ya saa yatakuwa na mabishano marefu, na mwajiri atayatumia kulifunika la kwanza.

Jambo lililotutisha zaidi katika barua yako ni lile ulilolitaja kama kitu cha kawaida, kwamba kodi za watu zinapita kwenye simu yako. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lipo kwa mhasibu, habari ziko kwenye simu yako, na stakabadhi inategemea kama kitabu kipo. Siku hesabu zitakapokataa, ushahidi pekee utakaoonekana ni kwamba fedha ziliingia kwako. Mtumishi kumwibia mwajiri wake ni kosa la jinai, na mtu asiye na stakabadhi hata moja huanza kujitetea akiwa nyuma. Mwandishi wa safu hii aliwahi kupanga chumba Barabara ya 9, Ngamiani, ambako kodi ilikusanywa na mzee mmoja ambaye hakuigusa fedha mpaka mpangaji awe ameandika kiasi kwa mkono wake mwenyewe katika daftari mbili, moja ikabaki kwa mpangaji. Vijana tulimwona msumbufu. Miaka mingi baadaye, mwenye nyumba alipofariki na warithi wakaanza kutupiana lawama, hakuna aliyeweza kumgusa mzee yule.

Kwa hiyo waombe kwa maandishi wafungue namba ya malipo kwa jina la kampuni, na uwape wapangaji tarehe ambayo baada yake hutapokea tena kodi kwenye simu yako. Kwa miezi iliyopita, nenda kwa kampuni yako ya simu ukaombe taarifa ya miamala, kisha uoanishe kila kilichoingia na kila ulichomkabidhi mhasibu. Kazi hiyo itakuchukua jioni kadhaa, ifanye sasa wakati bado una ajira na bado unaweza kuliona daftari la ofisi. Makato ya wakala uliyoyalipa kutoka mfukoni yaandike pia, kwa maana ni gharama za kampuni na si zako. Jambo jingine linahusu picha za vitambulisho vya wapangaji, ambazo bila shaka unazo katika simu hiyohiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za wapangaji zinapaswa kutunzwa na kampuni kwa utaratibu, si kulundikana katika simu ya mtumishi ambayo inaweza kuibwa kwenye bodaboda.

Tumalizie na kufuli. Homa haitakusaidia wiki ijayo. Mgogoro kati ya mwenye nyumba na mpangaji una njia zake: notisi ya maandishi kwa mujibu wa mkataba, mazungumzo, na hatimaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Atakayeonekana na majirani akimfungia mama yule mlango huku vyombo vyake na dawa za watoto zikiwa ndani ni wewe, na likifika polisi au barazani, jina litakalotajwa kwanza ni la aliyeshika kufuli. Mwambie mkurugenzi, kwa upole na kwa maandishi, kwamba uko tayari kumpelekea mpangaji notisi ya deni leo hii na kukaa naye mpange namna ya kulipa, na kwamba ukitakiwa kufunga mlango unaomba agizo hilo liandikwe na kusainiwa. Mara nyingi agizo la namna hii halipendi kuandikwa.

SWALI LA PILI

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka miwili nimefanya kazi kwa kampuni inayosimamia nyumba, nikilipwa kwa siku, na hakuna wiki niliyokosa kuitwa angalau siku nne. Vifaa ni vyao, na mimi na mafundi wenzangu hatufanyi kazi kwingine. Mwezi uliopita nilianguka kutoka kwenye ngazi nikishusha tangi huko Sahare, nikavunjika mkono. Wamenipa shilingi 50,000 na kusema kwamba mimi ni kibarua, kwa hiyo sina fidia. Je, ni kweli?

Fundi, Mwanzange

JIBU

Pole sana, Fundi. Kulipwa kwa siku hakumwondolei mtu haki ya kuitwa mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka vigezo ambavyo hata kimoja kikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba namna yako ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, kwamba umemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba unapewa vifaa, na kwamba unamtegemea yeye kwa riziki yako. Siku nne kwa wiki zinazivuka saa 45 kabla mwezi haujafika katikati.

Kama wewe ni mwajiriwa, ajali yako inaangukia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mfuko huo unachangiwa na waajiri peke yao, na mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo mwajiri anayesema hukuwa ukichangia anakupotosha au hajui. Kinachotolewa si mkono wa pole wa shilingi 50,000. Ni pamoja na gharama za matibabu na malipo ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, na kama mkono hautarudi sawasawa, fidia ya ulemavu wa kudumu kwa kadiri utakavyopimwa.

Mtake mwajiri aitaarifu ajali hiyo kwa Mfuko, na asipofanya hivyo nenda mwenyewe ukaripoti. Chukua karatasi zote za hospitali, picha za eksirei, na majina ya mafundi waliokuwepo ulipoanguka. Ujumbe wa simu ambao msimamizi alikuita nao asubuhi ya siku ile usiufute, kwa kuwa unaonyesha nani aliyekutuma na wapi. Na hizo 50,000 zisikufanye usaini karatasi yoyote inayosema kwamba umeridhika.

SWALI LA TATU

Nimepata kazi nyingine na ninataka kuacha hii ya kusimamia nyumba, lakini mwajiri anasema siwezi kuondoka mpaka apate mtu wa kunirithi, na kwamba mshahara wa mwisho atanilipa “mambo yakikaa sawa.” Ninalipwa kwa mwezi. Nifanyeje?

Msomaji, Pongwe

JIBU

Mwajiri hana uwezo wa kukuzuia mpaka apate mrithi wako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, na mkataba wako ukitaja muda mrefu zaidi, ufuate huo. Andika barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza notisi, kisha ufanye kazi siku zako zote, kwa kuwa ukitoroka katikati atakuwa na haki ya kukukata siku ambazo hukufanya kazi. Unastahili mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti watu hukisahau, na mwajiri wako mpya ndiye atakayekikumbuka.

Mshahara wa mwisho huzuiliwa mara nyingi kwa kisingizio cha funguo. Kwa hiyo usiziache juu ya meza. Ziandikie orodha, kila ufunguo na namba ya nyumba na ya mlango wake, pamoja na usomaji wa mita ya maji wa siku hiyo na majina ya wapangaji wanaodaiwa na kiasi wanachodaiwa. Anayezipokea asaini kila ukurasa mbele ya mtu wa tatu, na nakala moja uondoke nayo.